Jeneza Lisivuke Wami

"Kasa, rudi nyumbani."

Redio ya Motorola ilikwaruza, ikanyamaza.

Sihaba alikuwa katika kasi ya mia na kumi. Honda XL ililia chini yake. Kiromo ilishabaki nyuma.

"Kasa, umenisikia? Kazi imefutwa. Rudi nyumbani."

Sauti ilikuwa ya Husseni, mkuu wa kitengo chao cha ujasusi. Mtu wa amri fupi. Hakuwa na tabia ya kurudia neno.

Leo alirudia.

Sihaba, Kasa kwa jina la redioni, aliongeza mafuta.

Kwenye usukani alikuwa amefunga simu ya Samsung kwa mpira wa tyubu. Juu ya ramani, nukta nyekundu ilikuwa inakwenda kaskazini. Nukta hiyo ilitoka kwenye kidude kidogo kama punje ya hindi, alichokipachika mwenyewe ndani ya soli ya ndara za mwanamume mmoja, siku mwanamume huyo alipoanza kulalamika kwamba wageni wanamtembelea selo bila kuandikishwa.

Mwenye ndara alikuwa Ashrafu, fundi wa injini za boti, mzaliwa wa Mlingotini. Mahabusu wa Jamhuri.

Mahabusu anatakiwa awe mahabusu. Ashrafu alikuwa barabarani.

Tuelewane hapa, maana wenye nchi hawaelezwi mambo yao. Nchi ya watu ikimtaka mtu aliye kwetu, haiji kumbeba. Inaomba. Ombi linapita kwa mabalozi, linafika kwa waziri, waziri analipeleka kwa hakimu. Hakimu anauliza. Kosa hili ni kosa na huku? Si ugomvi wa siasa uliovishwa nguo za jinai? Na ushahidi huu, lau jambo lingetendeka Bagamoyo, ungetosha kumsimamisha mtu kizimbani? Akiridhika, anaamuru awekwe ndani akisubiri kukabidhiwa. Hapo bado hajaondoka. Ana siku kumi na tano za kwenda Mahakama Kuu kupinga. Zikipita, au akishindwa huko, ndipo waziri anatia saini, na mtu anakabidhiwa mchana kweupe, kwa kosa lile aliloombewa na si jingine.

Njia ndefu. Inachosha. Na ndiyo ukuta pekee alionao fundi wa injini.

Hakimu aliamua Jumanne. Leo ilikuwa Ijumaa.

Asubuhi hiyo watu wawili walifika selo na amri ya kumkabidhi Ashrafu, yenye saini na mhuri, wakati siku zake zilikuwa hazijafika hata nusu. Askari wa zamu aliona mhuri, akafungua. Sihaba alifika lango linafungwa. Land Cruiser V8 nyeusi ilimsalimia kwa risasi, naye akajibu. Alipoitazama Glock yake baadaye, zilikuwa zimebaki mbili.

Redio iliita tena. Safari hii si Husseni.

"Dada, uko wapi?" Ilikuwa Mwanvita, msichana wa mitambo pale kituoni. Alinong'ona.

"Nakaribia Bagamoyo mjini. Sema."

"Mkuu kawaambia polisi wa njia nzima kwamba pikipiki yako ya wizi na wewe ni tapeli. Ukisimamishwa umekwisha."

"Meli?"

"Ipo nje ya Saadani tangu alfajiri. Meli ya kuvua kamba. Ya Kordell."

"Boti?"

"Boti ya mpira, ng'ambo ya Wami. Inasubiri. Dada, huyu mkuu wetu..."

"Najua. Rekodi kila simu inayoingia na kutoka ofisini kwake."

"Atanifukuza."

"Akiwahi."

Kordell alikuwa na kampuni ya kuvua kamba. Kamba walikuwa juu. Chini ya barafu alikuwa anasafirisha heroini. Alipokamatwa kwao, aliwaambia wapelelezi kwamba yeye mwenye mzigo hamjui vizuri, ni bwana mkubwa fulani wa Afrika, anaitwa Ashrafu. Bwana mkubwa mwenye spana tatu na baiskeli ya kuazima. Wakamwamini, wakatuma ombi. Wakampa Kordell jina la shahidi, wakamwachia meli zake.

Kosa la Ashrafu lilikuwa moja. Aliitwa kuziba bomba la ubaridi kwenye meli ya Kordell, akafungua sakafu ya stoo ya barafu, akaona. Na wakili wake, Jasmin, alikuwa amemwandalia wavuvi tisa wa Mlingotini walioona pamoja naye. Mahakama Kuu ingewasikia. Ombi lingekufa pale pale, na Kordell angegeuka kutoka shahidi kuwa mshtakiwa.

Kwa hiyo ukuta ulipaswa kurukwa.

Akishavushwa, basi. Mahakama nyingi za huko haziulizi umeletwaje. Ulipakiwa ndani ya gunia, ulipigwa sindano, hakimu wa huko anakutazama na kusema, maadamu umefika, kaa hapo. Na mashahidi wako wavuvi wasio na pasipoti. Hiyo ni kama angefika. Bahari ni pana, na maiti haimpingi mtu mahakamani.

Halafu geuza. Sisi tukimwomba mtu wao, aliyemgonga mtoto wetu kwa gari akapanda ndege jioni ile ile, aliyemwaga sumu mtoni akaenda kustaafu kwenye bustani yake? Tunajibiwa kwa karatasi nzuri nzito. Ufukwe wa Bagamoyo umeona watu wakipakiwa kwa minyororo, wakapakiwa kwa bunduki, wakapakiwa kwa mikataba ya dole gumba. Na kila safari alikuwapo mwenzetu mmoja, kasimama kando, kashika kamba.

Leo kamba ilikuwa mkononi mwa Husseni.

Sihaba aliukata mji kwa barabara za ndani, akatokea barabara ya Msata. Akavuka Ruvu. Nukta ilikuwa mbele, karibu kabisa.

Akaliona gari.

Ilikuwa Hiace nyeupe. Taa za hatari zinawaka. Kitambaa cheupe kimefungwa kwenye kioo cha pembeni. Nyuma yake, V8 nyeusi. Kupitia kioo cha Hiace aliliona lililomo.

Sanduku la maiti.

Mbele kulikuwa na kizuizi cha trafiki. Askari alipoona msiba, alishusha kofia kifuani, akainua kamba. Hiace ikapita. V8 ikapita. Hakuna aliyefungua, hakuna aliyeuliza. Nani anakagua msiba wa watu?

Kidogo Sihaba amsifu mkuu wake.

Alijitupa porini, akakizunguka kizuizi, akarudi barabarani mita mia mbele. Hapo ndipo kioo cha nyuma cha V8 kiliposhuka.

Risasi ya kwanza ilivunja taa ya Honda. Ya pili ilitoboa tangi. Petroli ilimwagika juu ya goti lake, baridi, ikinuka. Alilala juu ya usukani, akafunga breki, akaacha vumbi limfunike.

Waliendelea. Walijua hatafika mbali.

"Mnara, huyu Kasa," alimwita Mwanvita redioni. "Nimetobolewa tangi."

"Kuna msaada Msata. Mwendo wa saa nzima," Mwanvita alijibu. "Na wanamtii mkuu, si wewe."

"Wami?"

"Wakifika hapo darajani, wana dakika kumi tu hadi kwenye boti."

Saa nzima kwa dakika kumi. Sihaba aliziba tundu la tangi kwa ubani wa kutafuna na kipande cha mtandio. Siku alipokishona kile kidude kwenye ndara, Ashrafu alimwuliza, "Sasa hii itanirudisha nyumbani?" naye akamjibu ndiyo.

Alipiga kiki. Mara ya tatu ikawaka.

Barabara ya kwenda Saadani ilikuwa inajengwa. Baada ya njia panda ya Makurunge, greda mbili zilikuwa zimekaa katikati, na mshika bendera wa mkandarasi amenyoosha nyekundu. Foleni ya malori. Hiace na V8 katikati ya foleni, honi zinalia, mshika bendera hana habari.

Pikipiki haisubiri bendera. Sihaba alipita kando ya mtaro, kichwa chini, akateremkia kwenye mashamba ya mihogo. Hawakumwona. Alipotokea upande wa pili, alikuwa mbele yao kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

Honda ilikohoa. Ikazimika.

Mafuta yameisha. Risasi mbili. Wao wanne, na angalau bunduki mbili aina ya SMG.

Alikuwa kwenye vibanda vya mwisho vya kijiji. Upande wa kulia kulikuwa na msikiti mdogo wa bati jekundu, na watu walikuwa wanajaa. Kanzu, kofia, misuli, ndara zimepangwa barazani. Ijumaa. Adhana ya kwanza ilishapigwa.

Sihaba alisimama akizitazama zile kanzu.

Akakumbuka kitu ambacho Husseni alikisahau. Mtoto wa Pangani yule, tena wa nyumba ya watu wa dini, lakini miaka ishirini sasa anahudhuria misiba kwa kutuma rambirambi kwa simu. Alipanga barabara, akapanga vizuizi, akapanga mhuri. Hakupanga siku.

Alifunga mtandio vizuri, akaficha Glock chini yake, akamwendea mzee mmoja mwembamba aliyekuwa anatawadha kwa kopo nje ya ukuta.

"Shikamoo, Maalim."

"Marahaba, mwanangu. Mbona unanuka petroli?"

"Nimeharibikiwa. Maalim, nyuma yangu kuna jeneza linakuja. Linakwenda Saadani. Sijui kama aliyemo kasaliwa."

Hakusema uongo hata neno moja. Alijipima hapo hapo, akaona hajasema uongo.

Maalim Sadallah, imamu wa msikiti ule, aliweka kopo chini. "Wafiwa wangapi?"

"Wanne."

"Wanaume wanne tu wanamzika Mwislamu Ijumaa?" Aligeuka. Sauti ikatoka kubwa kuliko kifua chake. "Twalib, kuna maiti anakuja. Simamisheni gari tumsalie."

Hakuna aliyeuliza maiti wa nani. Jeneza likipita watu wa pwani huinuka, hutia bega hatua tatu nne, humpokeza mwingine. Umjue, usimjue. Na Ijumaa, safu zimejaa, nani aiache thawabu ipite na Hiace? Barabara ikawa nyeupe kwa kanzu.

Sihaba alijibanza nyuma ya kibanda cha chipsi. Mama mwenye kibanda, Bi Mgeni, alimtazama juu hadi chini.

"Wewe ni mfiwa?"

"Bado," alisema Sihaba.

Hiace ikaja. Ikapiga honi. Ukuta wa kanzu haukusogea. Nyuma yake V8 ikafunga breki, vumbi likawafunika wote.

Mlango wa Hiace ulifunguliwa. Kijana mwenye kofia mpya ya vito, bado ina mkunjo wa dukani, alishuka. Sihaba alimjua. Najim, dereva wa Husseni.

"Wazee wangu, asalamu aleikum. Tunawahi kaburi, tupisheni."

"Waaleikumu salaam. Poleni," alisema Maalim. "Marehemu kasaliwa?"

Najim alisita kidogo tu. "Atasaliwa huko huko."

"Huko watamsalia na huku tutamsalia. Mumeleta wenyewe baraka. Nani marehemu?"

"Baba yetu mdogo. Bwanausi."

"Bwanausi yupi?" aliuliza Twalib, jitu pana lenye ndevu za hina. "Saadani ni kwa mama yangu. Bwanausi wa kwa Mzee Mina tumemzika, na Bwanausi wa bandarini jana kanikopa sigara."

Watu wawili watatu walicheka, wakajizuia. Msiba.

"Aliishi Dar," Najim alisema haraka. "Haya, msalieni. Msalieni humo humo garini, dakika mbili, tuna haraka."

Nyuma ya kibanda, Sihaba alifumba macho. Najim alikuwa kakubali. Sanduku limefungwa, sala haina rukuu wala sijida, dakika mbili zitakwisha, watamwombea mtu aliye hai na kumsindikiza akauawe. Mpango wake wote ulikuwa umesimama juu ya Najim kukataa.

Akaishika Glock.

"Maiti hasaliwi ndani ya Hiace kama gunia la vitunguu," alisema Maalim. "Mteremsheni."

Neno lilikuwa halijaisha na mlango wa nyuma ulikuwa wazi. Mikono ishirini. Najim alisema "Ngojeni, ngojeni," lakini sanduku lilishapanda juu ya mabega, linapokezwa, mtu anatia bega anatoa, laa ilaaha illa llah ikitembea nalo hadi uwanja wa msikiti. Milango ya V8 ikafunguka. Wazungu wawili walishuka, makoti mepesi kwenye jua la saa sita. Hawakuelewa kinachotendeka. Mzigo wao ulikuwa umemezwa na watu mia mbili bila ugomvi wowote.

Sanduku likatuliwa kwenye mkeka. Safu zikajipanga. Maalim akasogea mbele, akasimama, akageuka.

"Mwanamume, si ndiyo?"

"Mwanamume."

"Kichwa kiko upande gani?"

Najim aliangalia sanduku. Lilikuwa la mbao tupu, pana sawa huku na huku.

"Nakuuliza, mwanangu. Maiti wa kiume imamu anasimama usawa wa kichwa chake. Kichwa kiko wapi?"

"Huku."

"Huku?" Twalib aliinama. "Mimi nilibeba huku. Miguu ndiyo ilikuwa inagonga huku."

Akalisikia neno lake mwenyewe.

Safu nzima ikalisikia.

"Ilikuwa inagonga?" aliuliza Maalim taratibu.

Ndani ya sanduku kitu kiligonga tena.

Hakuna aliyekimbia. Najim ndiye aliyekimbia. Alifika hatua tano, akakuta mguu wa mtu, akala vumbi, na kofia yake mpya ikaviringika hadi kwenye ndara. Twalib aling'oa kifuniko kwa mikono, misumari ikilia.

Ashrafu alikuwa amelala ubavu, suruali ya jinzi, plasta mdomoni, mikono imefungwa kwa nailoni, sindano ya dripu bado mkononi. Macho yalikuwa nusu wazi. Chini ya sanduku kulikuwa na matundu yaliyotobolewa kwa drili.

Watu wakaanza kugeuka, safu kwa safu, kuelekea kwenye V8.

Mzungu mmoja alitoa SMG chini ya koti.

"Iweke chini," alisema Sihaba.

Alikuwa hatua mbili nyuma yake. Yule aligeuka na bunduki. Sihaba alimpiga bega. Risasi moja. Silaha ikaanguka, mwenyewe akakaa juu yake akipiga yowe. Mwenzake alirukia V8 iliyokuwa inanguruma, dereva akatia rivasi.

Risasi ya mwisho iliingia kwenye tairi la mbele. V8 ilikwenda upande, ikapanda rundo la kifusi cha mkandarasi, ikabaki pale, magurudumu ya nyuma yakizunguka hewani. Walipotoka, walikutana na Ijumaa nzima.

"Msiwaue," Sihaba alisema. "Wafungeni. Wana haki ya hakimu hao."

"Haki gani?" Twalib alifoka. "Walimfunga huyu kama samaki wa barafu."

"Hiyo hiyo waliyomnyima yeye. Wafungeni."

Walifungwa kwa misuli.

Mfukoni mwa Najim simu ilianza kulia. Tecno kubwa. Kwenye kioo: Mkuu H.

Sihaba aliipokea, akaiweka sikioni.

"Mzigo umevuka Wami?" aliuliza Husseni.

"Haujavuka, mkuu."

Husseni aliijua sauti ile. Sihaba aliendelea.

"Umekaa Makurunge na watu mia mbili. Wote wameuona uso wake. Nimewaambia nani aliyeutuma."

"Sihaba. Sikiliza. Wewe huelewi ukubwa wa hili jambo. Kuna nchi nzima nyuma ya hili jambo. Wangemchukua tu, leo au mwaka ujao."

"Basi wangoje mwaka ujao."

"Unadhani mahakama itamsaidia nini?"

"Sijui. Na wewe hukujua, ndiyo maana ulimtia kwenye sanduku."

Akakata. Redio ikaita papo hapo.

"Nimeirekodi," alisema Mwanvita. Sasa hakunong'ona. "Nimeipeleka kwa Wakili Jasmin na kwa mwendesha mashtaka. Mkuu anashuka ngazi mbio. Walinzi wa getini nimeshawapigia."

Bi Mgeni alikuwa amempakata Ashrafu kwenye baraza, anamnywesha maji ya dafu kwa kijiko. Alitapika, akanywa tena. Akamwona Sihaba.

"Umekuja," alisema. Ulimi mzito.

"Nimekuja."

"Naenda nyumbani?"

Sihaba alichuchumaa mbele yake. Watu walisogea wasikie.

"Hapana. Unarudi mahabusu."

Machozi yalimtoka Ashrafu bila uso kubadilika.

"Dada, mimi nimetoka kwenye jeneza sasa hivi."

"Naona."

"Halafu unanirudisha selo."

"Selo nyingine, na walinzi wengine. Jumatatu wakili anakwenda Mahakama Kuu. Wavuvi wako watasimama waseme walichokiona."

"Na wakisema, wasipoaminiwa?"

Sihaba alimjibu la kweli.

"Basi utapelekwa. Mchana, na saini ya waziri, na mama yako akikuona unapanda ndege, na dunia ikijua ulipo. Sikukukimbilia ili uachiwe, Ashrafu. Sina uwezo huo. Nimekukimbilia ili anayekutaka aje aseme mbele ya hakimu wa huku, kwa nini anakutaka, na wewe umjibu kwa Kiswahili."

Ashrafu alishusha kichwa. Kisha akanyoosha mikono, akaikutanisha, tayari kwa pingu.

"Sikufungi," alisema Sihaba. "Utapanda gari mbele, kama mtu."

Maalim Sadallah alikuwa amesimama kando, kanzu imechafuka vumbi. "Mwanangu. Ulijua yuko hai?"

"Nilijua, Maalim."

"Ukatuita tumsalie."

"Niliwaambia sijui kama kasaliwa."

Mzee alimkazia macho. Kitu kama kicheko kilipita mdomoni mwake, hakikukaa. "Utakuja siku nyingine tuzungumze hilo. Twalib, adhini. Watu wamechelewa Ijumaa."

Twalib aliwakabidhi vijana wawili zamu ya kuwalinda waliofungwa, akanawa mikono, akaingia ndani. Adhana ya pili ikapanda juu ya bati jekundu.

Sihaba alimwinua Ashrafu, akamkalisha kiti cha mbele cha Hiace, akamfunga mkanda. Sanduku aliliacha pale pale uwanjani, ushahidi. Alitoa kitambaa cheupe kwenye kioo cha pembeni, akazima taa za hatari, akaligeuza gari kuelekea Bagamoyo.

Mshika bendera aliwasimamisha. Bendera nyekundu.

Sihaba alizima injini, akasubiri zamu yake.